Mkono Ulioshika Uyoga

Nilipokuwa mtoto, kule kwetu Embu ya juu, karibu na mashamba ya majani chai, uyoga haukuwa chakula. Ulikuwa kesi. Mtu angeweza kupatikana na pombe ya chang'aa uvunguni mwa kitanda, watu wakacheka wakamsamehe, lakini akipatikana na uyoga kwenye sufuria, basi amejianika mwenyewe. Siku hizi naishi Meru mjini, na nikiingia dukani nawaona wajukuu wa watu wale wale, waliokuwa wakitema mate wakisikia tu neno lenyewe, wamepanga foleni wameshika vipakiti vya uyoga mweupe kama sabuni. Hauna harufu, hauna ladha, umelala kwenye friji siku nne, na wanaununua kwa bei ya nyama huku wamebinua midomo kama mabalozi. Mimi nasonya. Nasonya kwa sauti, na mwanamke wa kaunta amenizoea.

Mama yangu alizaliwa Gachoka, chini huko Mbeere kwenye joto na vichuguu, akaolewa juu kwetu kwenye baridi na ukungu. Kutoka kwao hadi kwetu si mbali. Lugha ni moja, ukiondoa maneno mawili matatu ya kuchekana. Lakini watu wa kwetu walijiona wamekaa begani mwa Mungu kwa sababu tu udongo wao ni mwekundu na mvua haiwasahau. Mtu wa Mbeere kwao alikuwa mtu wa mbuzi, wa vumbi, wa kula vitu vilivyojiotea. Hawakumwambia Mama hivyo usoni kila siku. Walikuwa wastaarabu, walimwambia Jumapili baada ya ibada.

Mkuu wao alikuwa nyanya yangu, mama yake Baba, ambaye sisi tulimwita Cucu. Cucu alikuwa mama wa kanisa wa kitambaa cheupe kichwani, aliyejua Zaburi nyingi kwa moyo, na ambaye hakutoka nje siku bundi akilia mchana. Jehanamu aliihubiri, lakini sikumwona akiiogopa. Uyoga aliuogopa.

Imani yake ilikuwa hivi, nami niisimulie kama alivyoisema, maana alitukalisha chini akaisema zaidi ya mara moja. Uyoga ni chakula cha fisi na cha waliokufa. Ukipikwa kwenye boma lenye ng'ombe, moshi wake unamfikia ng'ombe, unaingia puani, unashuka hadi kwenye kiwele, na maziwa yanakauka kabla mwezi haujaisha. Ukiuchanganya na maziwa yenyewe kwenye sufuria moja, ndiyo kabisa, umemtukana ng'ombe mbele ya watoto wake.

"Na siku Karembo akikauka," alimalizia, akimtazama Mama ingawa alikuwa akizungumza nasi, "mtu fulani atarudi alikotoka, achukue na sufuria yake."

Karembo alikuwa ng'ombe wake, mweusi mwenye baka jeupe kwenye paji la uso. Ndugu yangu Njeru alikuwa na umri wa mwaka mmoja na miezi kadhaa, na uji wake ulikuwa wa maziwa ya Karembo. Kwa hiyo tulielewa vizuri kilichowekwa mezani. Ng'ombe akikauka, Mama anaenda.

Sasa kuhusu mapishi ya Cucu, nisamehewe, marehemu hasemwi vibaya, lakini kabichi yake nitaisema. Cucu aliiweka kabichi jikoni baada ya chai ya asubuhi na kuiondoa wakati wa chakula cha mchana. Ilikuwa imechemka mpaka ikaomba msamaha. Sukuma wiki yake ilikuwa nyeusi, imekatwa vipande vikubwa kama vya kulishia sungura, imeelea kwenye maji ya chumvi. Hiyo ndiyo iliyoitwa mboga ya watu wa heshima. Shangazi Igoki, bintiye, aliyekuwa amerudi nyumbani baada ya ndoa yake kumshinda, alipika hivyo hivyo, ila yeye aliunguza pia vitunguu.

Mama alipika mboga kama mtu anayemwogesha mtoto. Kunde alichuma majani machanga tu, akaosha kwanza ndipo akakata, si kukata kisha kuosha, maana alisema ukiosha baadaye unaunywesha mfereji utamu wako. Terere alilichovya tu kwenye maji yanayochemka, likageuka rangi, likatoka. Managu aliyatuliza uchungu wake kwa kuyalaza kwenye maziwa mabichi kabla ya moto, na malenge hakuyamenya, aliyapika na ngozi yake mpaka yakajipasua yenyewe. Na Cucu alikula. Nawaambia alikula, akaongeza, akafuta sahani kwa kipande cha ugali, kisha akasema, "Hii ya leo haina chumvi." Hakuna siku chakula cha Mama kilikuwa na chumvi.

Mwaka ule nilikuwa na miaka tisa. Mvua kubwa zilikuwa zimeanza, shule zimefungwa, na Baba alikuwa Mwea alikofanya kazi kwenye ghala la mpunga, akija nyumbani mwisho wa mwezi. Asubuhi moja Mama alinishika mkono bila kusema neno, akanipeleka nyuma ya mibuni, kwenye kichuguu kilichokuwa mpakani. Uyoga ulikuwa umeota pale usiku mmoja, mkubwa, kofia zake pana kuliko sahani, rangi ya maziwa yaliyomwagiwa chai kidogo. Aliweka kidole mdomoni. Kwao Gachoka ukiuona uyoga hupigi kelele wala huuonyeshi kwa kidole, eti uyoga wenyewe utasikia vibaya, mwakani usirudi. Nilitaka kucheka, lakini nilipomtazama usoni niliona macho yamejaa machozi. Alikuwa amekaa miaka kumi juu huko kwetu, na sikuwa nimewahi kumwona amefurahi namna ile.

"Wawira," alininong'oneza, "leo utakula chakula cha kwetu."

Alichuma kwa kuzungusha shina taratibu, akaacha ule mdogo ubaki. Jikoni hakutumia kisu; alisema kisu kinaufanya uwe kama mpira. Alipangusa udongo, akakwaruza shina, akauchana kwa vidole kwa urefu, nyuzi nyuzi, kama kuku aliyechemshwa. Aliusuuza mara moja kwa maji yenye chumvi, upesi, kwa sababu uyoga ukiulaza majini unakunywa kama mlevi. Kisha akauweka kwenye sufuria kavu, bila mafuta, kwenye moto mdogo. Nilishangaa. Uyoga ulianza kutoa maji yake wenyewe, ukachemka ndani yake, maji yakarudi yakakauka, na hapo ndipo harufu ikainuka. Sijui niifananishe na nini. Ni kama nyama na udongo uliolowa mvua vimekaa chumba kimoja. Ndipo akatia mafuta, kitunguu, nyanya moja iliyoiva sana. Mwishoni akaengua malai juu ya maziwa ya jana yaliyochemshwa, vijiko vitatu, akayatia, akafunika, akaondoa motoni.

Tulikula na ugali wa wimbi na kunde pembeni, sisi watatu, mlango umefungwa. Njeru alinyonya vidole vyake mpaka vikawa vyeupe. Mimi nililamba sufuria. Mpaka leo sijakula kitu kitamu hivyo, na nimekula kwenye hoteli zenye vitambaa mezani.

Harufu ndiyo iliyotusaliti. Shangazi Igoki aliingia bila kubisha, kama kawaida yake, akanusa, akafunua sufuria iliyokuwa mikononi mwangu.

"Haiya! Mami! Mami, njoo uone!"

Cucu alikuja. Hakupiga kelele, na hilo lilinitisha zaidi. Alitazama sufuria, akatazama kikombe chenye mabaki ya malai, akashika kiuno.

"Umetia maziwa?"

"Ni malai kidogo tu, Mami," Mama alisema. "Ya watoto."

"Ya Karembo."

"Ndiyo, Mami. Ya Karembo."

Cucu alifumba macho akaomba kimoyomoyo, kisha akafungua macho na kutoa hukumu. Mama hatamgusa tena Karembo. Mkono ulioshika uyoga haushiki chuchu ya ng'ombe. Kuanzia jioni hiyo Igoki ndiye atakayekamua.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo mtu yeyote aliyewahi kukamua analijua, na ambalo watu wa boma letu, wafugaji wa kuzaliwa, wenye ng'ombe tangu enzi za mababu, walilisahau lote kwa siku moja kwa ajili ya sahani ya uyoga. Ng'ombe ana mtu wake. Karembo alikuwa amekamuliwa na Mama tangu uzao wake wa kwanza. Mama alimwosha kiwele kwa maji ya vuguvugu, akamkanda kidogo, akamwimbia wimbo mmoja usio na maneno, na Karembo akashusha maziwa yote huku akicheua macho yamefumba. Alimaliza hadi tone la mwisho. Mtu mwingine akikaribia, Karembo alikaza mwili.

Shangazi Igoki alikuja na kucha ndefu, nyekundu, alizopaka rangi ya mjini. Maji aliyotumia yalikuwa baridi ya mtungi. Alivuta chuchu kama anayevuta kamba ya kisima. Karembo alirusha teke, ndoo ikapinduka. Siku ya pili tulimfunga miguu. Siku ya tatu alishusha kidogo akaficha mengine, na Shangazi hakuwa na subira ya kungoja, alifuta mikono akasema, "Yameisha." Hayakuwa yameisha. Mimi ndiye niliyeshika kamba, niliona kiwele bado kimejaa, na nilimwona Karembo akigeuza shingo kutazama mlango wa jikoni.

Wiki ikapita, maziwa yakapungua nusu. Wiki ya pili yalikuwa kikombe. Uji wa Njeru ukawa wa maji. Cucu alitembea boma zima akiwa na uso wa mtu aliyeshinda.

"Nilisema au sikusema?"

Alisema. Wanawake wa kanisa walikuja wakatingisha vichwa wakakubali kwamba alisema. Hakuna hata mmoja kati yao, na wote walikuwa na ng'ombe, aliyeuliza swali ambalo mtoto wa darasa la pili angeuliza, yaani nani anamkamua. Walikunywa chai ya rangi, kwa kuwa maziwa hayakuwepo, wakamwombea Karembo. Nikikumbuka vichwa vile vikitingishika, vitambaa vyeupe vimepangwa kama vikombe kwenye kabati, bado nasonya. Walikuwa watu wazima.

Mwishowe Cucu alimwita daktari wa ng'ombe, kijana wa serikali aliyekuja na pikipiki na mabuti. Alimpima Karembo kila mahali. Cucu alipoenda kuwasha moto wa chai, daktari alinitazama mimi niliyeshika kamba.

"Nani alikuwa anamkamua huyu?"

"Mama."

"Na sasa?"

"Shangazi."

Alicheka peke yake. "Wewe, sikia. Huyu hana ugonjwa wowote. Amebadilishiwa mkono, na huyo mpya hamalizi maziwa. Maziwa yasipomalizwa, ng'ombe anaanza kufunga. Mama yako akirudi kumkamua hata leo jioni, yatarudi. Akichelewa wiki mbili tena, hayarudi mpaka azae. Umeelewa?"

"Ndiyo."

"Baba yako yuko wapi?"

"Mwea. Anakuja Jumamosi."

"Mwambie. Mwambie hivyo hivyo nilivyosema."

Mnaweza kuuliza kwa nini hakumwambia Cucu mwenyewe. Na mimi nimeuliza miaka mingi. Cucu alirudi na chai, akamuuliza, "Daktari, si ni ule uyoga?" Na yule kijana wa cheti na mabuti ya serikali alikohoa, akatazama kikombe, akasema, "Cucu, mambo ya wazee mimi siyajui. Mpeni chumvi ya kulamba." Akanywa chai akaondoka. Hivyo ndivyo elimu ilivyopita bomani kwetu, ikanywa chai, ikamwachia maneno yake mtoto wa miaka tisa.

Na mtoto huyo, sasa nimweleze. Watoto wa jirani walikuwa wamekwisha kusikia. Kwenye mto tulikoteka maji waliniimbia "mla uyoga, mla uyoga," na msichana mmoja aliyekuwa rafiki yangu alikataa kunywa kwenye kikombe changu. Niliporudi nyumbani nikilia, Cucu aliniita kwake, akanisuka nywele, akanipa ndizi mbivu. Aliniambia mimi si wa Mbeere, mimi ni wa boma hili, damu ya boma hili, na kwamba nimebeba jina la mama yake. Jumapili ile kabla daktari hajaja alinikalisha karibu naye kwenye benchi la mbele kanisani. Sikuwa nimewahi kukaa mbele. Mama alikaa nyuma na Njeru mapajani.

Baba alikuja Jumamosi na mfuko wa mchele. Hata hakuwa amevua viatu akaitwa nyumbani kwa Cucu. Tulikuwa wanne mle: Cucu, Shangazi, Baba na mimi, niliyeitwa kama shahidi. Mama hakuitwa. Alibaki jikoni, mlango wa pili, hatua kumi kutoka pale, na kuta zetu zilikuwa za mbao.

"Wawira," Cucu alisema, "hapa ni mbele ya Mungu. Mama yako alipika uyoga?"

"Ndiyo."

"Akautia maziwa?"

"Ndiyo."

"Na Karembo akakauka kabla ya hapo au baada?"

"Baada."

Yote kweli. Hapo sikudanganya hata neno moja. Baba alisugua uso kwa viganja vyote viwili. Alikuwa mtu mpole, na sitaki kumsema sana, ila upole wa mwanamume mbele ya mama yake unaweza kumzika mke. Kisha akainua kichwa akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayetafuta mlango:

"Nimesikia daktari wa ng'ombe alikuja. Alisema ni nini?"

Cucu alisema haraka, "Alisema chumvi."

"Namuuliza mtoto, Mami. Yeye ndiye alikuwa na ng'ombe. Wawira, daktari alisema nini?"

Maneno nilikuwa nayo. Nilikuwa nimeyarudia kichwani siku nne ili nisiyasahau: amebadilishiwa mkono. Nilimtazama Baba. Nikamtazama Cucu, na Cucu aliniangalia kwa upendo, nawaapia, kwa upendo kabisa, mkono wake uko begani kwangu. Nikafikiria mto, na kikombe changu, na benchi la mbele.

"Hakusema kitu," nilijibu.

Baba aliinamisha kichwa. Alisema labda Mama apumzike kidogo kwao, mambo yatulie. Hivyo ndivyo watu wa kwetu wanavyofukuza mtu, wanamwambia akapumzike.

Mama aliondoka Jumatatu na Njeru mgongoni. Sufuria hakuichukua. Aliniaga kwa kunifunga vifungo vya sweta, vyote, hata kile cha juu nilichokuwa sikipendi, na hakuniuliza chochote.

Karembo alikauka kabisa wiki mbili baadaye. Mama akiwa Gachoka, moshi wa uyoga ukiwa mbali kama mwezi, ng'ombe alikauka kama alivyosema yule kijana. Je, mtu aliona aibu? Cucu alisema, "Ameenda na maziwa yetu." Alipokuwepo ni yeye, alipoondoka ni yeye. Ujinga ni mali isiyoisha. Unaokota upande huu, unaweka upande ule. Karembo aliuzwa, na Shangazi Igoki akaendelea kutuunguzia vitunguu.

Tulikula kabichi ile kuanzia Mei hadi Disemba. Nilikonda. Baba alipokuja alikula akaacha nusu. Na kitu kilichonimaliza heshima yote ni kwamba kabla ya Krismasi Cucu mwenyewe alianza kuuliza, akisukuma sahani mbali, "Kwani huyu wa Mbeere harudi? Tumbo langu limechoka." Hakuomba radhi, hakusema amekosea. Alitamani tu kunde. Baba alitumwa Gachoka kama mtu anayetumwa dukani, akarudi na Mama, na Njeru akiwa anatembea. Njeru hakunijua. Alijificha nyuma ya sketi ya Mama akaniita "yule".

Mama aliishi katika boma lile miaka mingine mingi. Alimzika Cucu kwa heshima zote, akampikia kila siku ya ugonjwa wake. Lakini uyoga hakupika tena. Ulikuwa ukiota kwenye kile kichuguu kila mvua zikianza, ukafunguka, ukaoza, na yeye alipita na jembe begani bila kugeuza macho.

Mimi nilibeba dharau yangu kama kitambulisho. Nilimdharau Cucu, nikamdharau Shangazi, nikawadharau wanawake wa vitambaa, daktari wa mabuti, upole wa Baba. Niliisimulia hadithi hii kwa marafiki, kwa mume wangu, kwa watoto, na kila mara nilisimama upande wa Mama, nikiwacheka wale wengine. Ile sehemu ya swali la Baba niliiruka. Hakuna aliyejua kuna kitu nimeruka.

Mwaka juzi Mama alikuja kunitembelea Meru. Sasa ni mzee, goti linamsumbua. Nikanunua ule uyoga wa plastiki, kwa sababu mjini hakuna mwingine, nikaupika kama alivyopika yeye: sufuria kavu, moto mdogo, maji yake yakauke kwanza, malai mwisho. Niliuchana kwa vidole. Alikula polepole, akasema umejitahidi, ila uyoga wenyewe ni maji. Nikafurahi, nikaanza hotuba yangu ya siku zote.

"Ule ujinga wa Cucu, Mama. Mtu mzima anakaa na ng'ombe maisha yake yote hajui kwamba..."

"Mwache mama wa watu," alinikatiza. "Alikuwa akiogopa. Alikulia kwenye njaa, ng'ombe ndiye aliyewaokoa. Mtu kama huyo akiambiwa upepo utamkaushia ng'ombe, atajaribu kuufunga upepo."

"Lakini alikufukuza."

Mama alifuta mdomo kwa kiganja. "Yule daktari wa ng'ombe nilikutana naye barabarani siku ile ile aliyokuja. Alisimamisha pikipiki. Akaniambia, usijali mama, shida ni mkono tu, nimemwachia msichana wako maneno, atamwambia baba yake."

Niliweka kijiko chini.

"Jumamosi ile nilikuwa jikoni," akaendelea, bila ukali wowote. "Nilisikia Baba yenu akikuuliza. Nikaacha kuchochea moto ili nisikie vizuri."

"Mbona hukuingia ukasema mwenyewe?"

"Ningesema mimi, nani angeamini? Ni wewe ungeaminiwa." Alinitazama kidogo, kisha akatazama sahani. "Ulikuwa mtoto, Wawira. Nilikwisha kukusamehe kabla sijafika Gachoka. Hebu niongezee, hiki kidogo kilichobaki kitaharibika."

Nilimwongezea. Tangu siku hiyo hadithi hii siisimulii tena kwa kicheko, na hata dukani siku nyingine najikuta nimenyamaza. Cucu aliamini kila neno alilolisema katika chumba kile. Shangazi aliamini, wanawake wa vitambaa waliamini, na Baba, maskini, hakujua aamini nini. Mle ndani alikuwepo mtu mmoja tu aliyejua kwamba uyoga haukuwa na kosa, na mtu huyo aliulizwa kwa upole, na baba yake, yeye mtoto akiwa ameshiba ndizi ya Cucu.